Radi Isiyo na Wingu

"Dada, hapo kwenu Chanji mna ugomvi na mtu?"

Aliyeniuliza hakuwa mganga wa kienyeji. Alikuwa daktari wa zamu, koti jeupe, kipimo shingoni. Uvumilivu wangu ukaishia hapo.

Miaka ile ya soko huria kila kitu kilitoka nje: mitumba, redio, na kimashine cha kifuani mwangu. Moyo wangu ulisimama nilipojifungua, masista wa misheni wakanitafutia safari ya India, nikawekewa. Moyo ukienda ovyo, kinaupiga umeme utulie. Kazi nzuri. Ila siku moja kilinipiga nikianika nguo, kikanipiga nikitwanga mahindi, na mara ya tatu mtoto alikuwa ananyonya, mimi nanyoosha mkono nichukue kanga ukutani. Mtoto akaangukia mkekani.

Mama mkwe akafunika kioo, akanivua blauzi nyekundu. "Umetupiwa radi, mwanangu."

"Mama, huu ni mwezi wa saba! Wingu liko wapi?"

"Si ndiyo maana! Radi ya Mungu ingekuja na mvua."

Kwetu Sumbawanga, mji unaosifika kwa radi za kutumwa, hoja hiyo haina mpinzani. Kesho yake naenda hospitali, vijana wa kijiweni wananisalimia kwa mbali: "Mambo, dada transfoma!"

Nikamweleza daktari: nikitulia hakinipigi, nikiinua mkono wa kushoto kinanipiga. Nikampa kadi ya India, inayosema kikipiga mara kwa mara huenda waya umekatika, mgonjwa awahishwe kwa wataalamu. Nikaomba barua ya rufaa ya Dar. Akaigeuza kadi nyuma na mbele, ndipo akauliza habari ya ugomvi.

"Anzeni na wazee," akasema. "Mkishindwa, mrudi."

Mkishindwa, yaani nikishakufa.

"Basi nishike mkono, dokta, nauinua sasa hivi."

Msomi yule akarudisha kiti mpaka ukutani.

Nikaomba karatasi kwa karani, nikaandika, nikasimamia mpaka igongwe muhuri:

"Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali. Yah: Malalamiko dhidi ya daktari wa zamu. Nina kimashine cha moyo, nadhani kimekatika waya. Sina ugomvi na mtu, isipokuwa kuanzia leo asubuhi. Naomba barua ya rufaa leo hii. Nipo kwenye benchi nje ya mlango wako, mkono wa kushoto nimeufunga kwa kanga usiinuke, na mtoto nimempakata kwa wa kulia. Naomba nihudumiwe na mtumishi asiyeogopa kunigusa."