Kitana cha Pamba

Mke wangu aliporudi kwao hakugombana na mtu. Alisema tu amechoka kuishi na nguzo. Sikumbishia. Tangu nimalize shule ya serikali ya Wajerumani huko pwani na kurudi Ugogo, safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi mlangoni kutazama kama mawingu yapo.

Nyumba yetu ya tembe ikawa ndefu ghafla. Jioni nilisonga ugali wa watu wawili kwa mazoea, nikala wa mmoja, kisha nikajihesabia kwa Kijerumani ili nisikie sauti ya mtu.

Kwetu, mume anayemfuata mkewe huenda na mbuzi. Humkokota katikati ya kijiji cha wakwe, mbuzi akilia, ili kila nyumba ijue kuna mtu anayemtaka mwanamke yule. Nililijua hilo. Lakini nikafikiria kuvutana na mbuzi juani, na watu wakinitazama, nikaona msomi hawezi kukosa njia nyingine. Nikaenda Dodoma, kwenye duka la Mhindi karibu na reli, nikanunua kitana cheupe chenye kung'aa kama pembe ya ndovu. Chanuo la mti la mke wangu lilikuwa limebaki na meno machache. Tena kitana kinaingia mfukoni.

Baba mkwe alinikaribisha karibu na moto. Mama mkwe alikaa upande wa pili wa ukuta, maana haonani na mkwewe, lakini masikio yake yalikuwa kwetu. Mke wangu alisimama mlangoni, akakipokea kitana, akampa baba yake.

Mzee akakigeuza. Akauliza ni pembe ya mnyama gani. Nikasema si pembe. Mfupa, basi? Si mfupa. Kutoka nyuma ya ukuta mama mkwe akauliza ni mti gani unaochongeka vizuri hivyo.

Nilikuwa nimesubiri miaka mingi mtu aniulize kitu nilichofundishwa. Nikaeleza kwamba hiyo ni seluloidi: Wazungu huloweka pamba kwenye tindikali, wakaichanganya na kafuri, wakaibana ikawa ngumu.

"Mkwe," mzee akasema kwa upole, "pamba ni nguo."

Nikaapa. Akasema basi tusibishane, kitu hujieleza kwenye moto: pembe hunuka nywele, mti hunuka mti. Akakisogeza kwenye kaa anuse. Mwalimu wetu bila shaka alitufundisha na sehemu hiyo ya somo, ila nadhani nilikuwa nasinzia.

Kitana hakikunuka kwanza. Kililipuka moto mweupe, mzee akakitupa, kikaangukia ngozi ya ng'ombe tuliyokalia. Mama mkwe alipiga yowe kule alikokuwa. Majirani wakaja mbio na maji na mchanga, wakakuta mzee anapuliza vidole na mimi nakanyaga ngozi. Wakauliza kuna nini. Wakajibiwa kwamba mkwe amekuja na zawadi. Walicheka mpaka wakakaa chini, na bibi mmoja akataka kujua kama nguo niliyovaa nayo ni ya pamba, ili asogee mbali.

Walipoondoka, mke wangu alikuwa bado mlangoni. Hakucheka.

"Haya, bwana. Kijiji kizima kimejua umekuja," alisema. "Sasa mkononi una nini?"

Nilitazama mikono yangu. Baba mkwe akatazama pembeni, kwa heshima.

Nikarudi peke yangu. Nyumbani nilikuwa na mbuzi mmoja tu, jike mwenye sauti mbaya, aliyekuwa akilala ndani karibu na miguu yangu tangu nyumba ibaki tupu. Asubuhi nilimfunga kamba ya gome la mbuyu shingoni. Alinifuata hadi mlangoni kwa hiari, akidhani tunatoka wote kutazama mawingu. Nikamvuta nje, akaanza kulia, nami nikashika njia ya kwa wakwe.