Brussels hadi Lisbon, Kupitia Bellevue

Juzi tulisimama kwenye robot, taa za barabarani, pale Bellevue, Johannesburg, binti yangu akaiuliza simu yake ndege huchukua muda gani kutoka Brussels hadi Lisbon. Chini ya saa tatu, simu ikajibu bila hata kufikiri. Nikacheka. "Nini tena, Papa?" Nikamwambia nimemkumbuka bibi yangu, tuliyeishi naye mtaa ule.

Nyumba yetu ilikuwa imegawanywa vyumba, jiko moja kwa wote, na simu moja koridoni, mali ya jirani fundi cherehani. Jumapili baada ya kanisa korido ilinukia sombe, majani ya muhogo ya kwetu, na samaki wa kukaanga, na watu walikalia ndoo wakingoja simu za ng'ambo. Bibi alikuwa na wana wawili huko, mmoja Brussels, mwingine Lisbon, wasiosemezana tangu wagombane juu ya mazishi ya babu. Kila mmoja alimpigia mama yake, na kabla ya kukata akauliza: "Na yule mwingine, mzima?" Basi salamu za Ulaya kwenda Ulaya zikawa zinapitia Johannesburg.

Bibi aliwatetea kwamba ni mbali mno kutembeleana. Alinituma mimi, msomi wa nyumba, nipime kwenye atlasi. Nikapima kwa kidole: Brussels hadi Lisbon ni kama kwetu Lubumbashi hadi Johannesburg. Sikukosea. Ila safari hiyo sisi tuliijua kwa basi: vumbi, mipaka mitatu, kulala juu ya mizigo. "Maskini wanangu," akasema, "nani atateseka hivyo kwa ajili ya kusalimiana?"

Mpaka siku moja mwalimu Mkenya, mpangaji wa chumba cha nyuma, alipomsikia huku akichuja chai. "Mama, ndege haipangi foleni mpakani. Saa tatu hazifiki."

Bibi akaacha kusonga ugali. "Saa tatu? Hata maharage yangu hayajaiva!"

Jumapili hiyo, wa Brussels alipouliza habari za nduguye, alijibiwa: "Mimi si posta. Nenda kamwone." Wa Lisbon naye vivyo hivyo. Wote wakanuna. Jumapili baada ya Jumapili simu ililia kwa ajili ya wengine. Bibi alikaa kwenye ndoo yake, kitambaa cha kanisani kichwani, na tulipomsihi alegeze msimamo alisema tu, "Anayenuna huchoka mashavu."

Baridi ilikuwa imeshaingia fundi alipopiga kelele: "Mama, njoo! Eish, hawa wanagombana ndani ya simu yangu!" Walikuwa wote wawili upande mmoja wa waya, wakinyang'anyana simu, kila mmoja akitaka kumwamkia kwanza. Bibi hakuwaamua. Alifumba macho akawasikiliza, kama mtu anayesikiliza kwaya.

Fundi alihama, mwalimu akarudi kwao, bibi tulimzika hapa hapa. Siku hizi kila mtu ana simu yake mfukoni. Ndugu wawili wanaweza kununiana hadi kufa bila kumsumbua mtu yeyote.