Maneno Yaliyokataa Kufutika

Baada ya Mapinduzi nilipata ukarani katika ofisi ya hati za ardhi, na kazi yangu ilikuwa kupiga mstari mwekundu juu ya maneno ya kibaguzi. Hati nyingine zilisema nyumba isimilikiwe wala isikaliwe na mtu mweusi, "isipokuwa mtumishi". Nilikuwa nikiyakata kwa hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, na mkubwa wangu kila siku ananikaripia.

Siku ya hati ya nyumba ya bibi yangu, aliyenilea, alikuja mwenyewe kutoka Jang'ombe. Nyumba hiyo aliachiwa kwa wasia na tajiri ambaye bibi alimpikia miaka ishirini, lakini kwa maneno yale haikuweza kuandikwa jina lake. Alitaka iandikwe kabla hajafa, basi.

"Nisomee," akasema. Yeye alijua herufi za Kiarabu tu, za kizungu hakuzijua. Nikasoma mpaka "isipokuwa mtumishi". Yeye akacheka. "Kumbe nilikaa kwa idhini ya sufuria!"

Nikapiga mstari wangu. Akauinamia. "Mbona maneno bado nayaona? Hujayafuta, umeyapaka wanja."

"Bibi, ndivyo ofisi inavyofuta."

"Loo! Maneno hufutwa kwa maji." Alizoea kombe, ile dua inayoandikwa sahanini, ikaoshwa, mgonjwa akanywa. Kabla sijamzuia, kashatoa chupa ya marashi ndani ya buibui, kaimimina juu ya hati.

Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Mstari wangu ukayeyuka wote, ukachuruzika mpaka kwenye shati jeupe la mkubwa wangu, aliyekuwa kasimama mezani kwangu. Maneno ya ubaguzi yakabaki palepale, meusi, yananukia waridi.

Mkubwa akawaka. "Bibi, unaniharibia hati!"

"Usinifokee, mwanangu. Wino huu usioosheka mmeutoa wapi?"

"Ni wa wakubwa wa zamani. Chupa yao imo kabatini."

"Basi niandike kwa huo. Huo wenu mwekundu ni sharubati."

Mkubwa akaguna, lakini kabati akalifungua. Akayakata maneno upya kwa wino ule mweusi, na chini yake akaliandika jina la bibi. Bibi akakaa kungoja ukauke. Halafu akalamba kidole, akalisugua jina lake kwa nguvu.

Halikutoka. Akalisugua tena, safari hii taratibu, huku analia.