Godoro Lililobaki Stoo

Sebule ya masista ilinukia nta nyekundu ya sakafu, na hadi leo harufu hiyo ikinifikia mahali popote, mgongo wangu hunyooka wenyewe kama wa mtu anayesubiri kuhojiwa. Ilikuwa sebule ndogo kando ya lango la shule yetu ya bweni ya wasichana, kwenye kilima kinachotazamana na hospitali ya Nsambya, na hakuna msichana aliyetoka shuleni bila kuipitia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikimaliza muhula wangu wa kwanza wa sekondari. Mvua zilikuwa zimelowesha kila kitu msimu ule: soksi hazikukauka, mkate ulishika ukungu, na udongo mwekundu ulipanda kuta za kanisa hadi usawa wa magoti. Siku ya kufunga shule tuliketi barazani juu ya masanduku yetu ya bati, tukisubiri kuitwa mmoja mmoja. Magodoro hatukuwa nayo. Tulikuwa tumeyakunja asubuhi, tukayafunga kamba na kuyapeleka stoo, kwa kuwa desturi ya shule ilikuwa hivyo: anayerudi huacha godoro, na anayebeba godoro ameaga moja kwa moja.

Mkuu wa shule alikuwa Sista Perpetua, mzaliwa wa Bukoba, mwanamke mrefu mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Kanuni yake ya usalama ilikuwa moja tu, nayo haikubandikwa ukutani. Ilikaa machoni mwake. Aliyekuleta ndiye atakayekuchukua. Siku ya kwanza alisimama langoni, akamtazama kila mzazi usoni bila haraka na bila tabasamu, na uso aliokwisha kuutazama namna ile hakuusahau. Ilisemekana kwamba katika shule fulani msichana aliwahi kukabidhiwa kwa mtu aliyejiita baba yake mkubwa, na hakuonekana tena. Sijui kama kisa hicho kilikuwa cha kweli. Ninachojua ni kwamba Sista alituhadithia mara nyingi, na kila mara alitutazama kana kwamba mmoja wetu ndiye atakayefuata.

Nyumbani kwetu, katika nyumba za polisi za Naguru, kanuni ilikuwa kinyume kabisa. Kila ndugu wa kiume wa baba alikuwa baba. Alikutuma dukani, alikuchapa, alikununulia viatu vya Idi, na kuuliza ni baba yupi anayeita kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu. Baba aliyenizaa, askari polisi na Mwislamu wa West Nile, alikuwa amehamishiwa Karamoja, na habari zake zilitufikia kwa kuchelewa. Mama, ambaye kabla ya kuolewa alilelewa na masista, ndiye aliyenipeleka shuleni, na alifanya hivyo huku shemeji zake wakinung'unika. Mdogo wa baba, Baba Mdogo Juma, askari magereza aliyeishi Luzira na mke na watoto wadogo wengi, alinung'unika kuliko wote. Alisema shule ya masista ingenirudisha nyumbani na msalaba shingoni na mdomo usiotii. Mama alimjibu kwa neno moja tu, “Atasoma,” na tangu hapo nilijua kwamba masomo yangu yanashikiliwa na mtu mmoja. Siku mama atakapolegea, nayo yatakwisha.

Nilimtarajia yeye siku ile. Badala yake aliingia Baba Mdogo Juma, katika sare ya kaki iliyopigwa pasi, kofia kwapani. Wenzangu barazani hawakuiacha nafasi hiyo ipite.

“Zena, wamekuja kukukamata!” mmoja alinong'ona kwa sauti ya kusikika na wote.

“Muulize kama pingu za saizi yako zipo!”

Nilicheka nao, na nilijivuna kidogo, maana hakuna mzazi mwingine aliyekuja na sare. Baba Mdogo hakucheka. Alinipa mkono, nikapiga goti, akasema, “Mama yako amelazwa. Ako Nsambya. Wamempasua tumbo. Chukua vitu yako, twende.”

Kutoka barazani paa za hospitali zilionekana zikimeta kwa mvua upande wa pili wa bonde. Nilikimbilia sanduku langu. Machozi yalikuwa yamekwisha kuanza, na sikuona sababu yoyote duniani ya kubaki hapo dakika moja zaidi. Ndipo Baba Mdogo alipotazama nyuma yangu, akakunja uso na kuuliza, “Na godoro iko wapi? Kuja na godoro.”

Wasichana wale waliokuwa wakinitania waliacha kunitazama, wakaitazama mikono yao, kwa sababu kila mmoja wetu alijua maana ya godoro. Yeye peke yake hakujua. Niliachia mpini wa sanduku, na wakati huohuo nilijilaumu: mama yuko kitandani amepasuliwa, nami nawaza godoro? Sista Perpetua alitoka sebuleni. Sijui alikuwa amesimama nyuma ya pazia kwa muda gani. Ilikuwa tabia yake.

“Karibu, Afande. Wewe ni nani wake?”

“Mimi ni baba yake.”

“Aliyemleta ni mama yake.”

“Mama yake ni mgonjwa, Sista! Mimi ni askari ya serikali, naangalia wafungwa mia na mia, wewe unaniogopea mtoto ya ndugu yangu?”

“Simwogopi askari,” alisema Sista. “Godoro la nini?”

Baba Mdogo aliihamishia kofia kwapa la pili. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwona baba yeyote akitafuta jibu mbele ya mwanamke. Kisha akasema kwamba watoto wake wanalala mkekani, kwamba mke wake amekwenda kijijini, kwamba msichana mkubwa hawezi kukaa shuleni wakati nyumba haina mtu wa kupika. Alisema hayo bila aibu yoyote, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. Sista alinigeukia.

“Zena, huyu ni nani wako?”

Nilijua kinachotarajiwa kwangu. Nilitakiwa kusema “baba”, na nisingekuwa nimesema uongo. Nilimtazama Baba Mdogo kuanzia viatu vyake vilivyong'aa hadi usoni, nikamuuliza kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kuzitumia, “Baba, mama amelazwa wodi gani?”

“Utaona tukifika.”

“Tunakwenda leo?”

“Kwanza Luzira. Mama yako hakimbii.”

“Basi namsubiri mama,” nilisema.

Baba Mdogo alivaa kofia yake na kumwambia Sista, “Mnafundisha watoto kukana baba zao.” Kisha akaondoka kwenye mvua. Magari yakaja, yakachukua wenzangu, na baraza likabaki na sanduku moja. Sikumshukuru Sista. Nilimchukia. Nilikula ugali na maharage katika ukumbi mtupu nikiamini kwamba mama anakufa ng'ambo ya bonde, na kwamba wakubwa wawili wamegombania nani ananimiliki. Wala Sista hakuwa na mikono safi kama alivyopenda tuamini: juu ya kitanda cha wageni alichonipa nilikuta rozari mpya, imepangwa vizuri kwenye mto. Niliihamishia dirishani.

Asubuhi Sista alikuja na mwavuli, tukashuka bondeni kwa miguu na kupanda Nsambya. Mama alikuwa hai. Kidole tumbo kilikuwa kimetolewa, midomo yake ilikuwa imekauka, na aliponiona hakuniuliza habari za masomo wala nimekula nini. Aliuliza, “Godoro lako liko wapi?”

“Liko stoo, mama.”

Mama alifumba macho. Sista Perpetua alitazama dirishani, kama mtu asiyehusika.

Jambo hilo halikuzungumzwa tena nyumbani waziwazi, ingawa kwa miaka mingi katika kila arusi na kila msiba Baba Mdogo alinisalimu kwa jina la “mtoto wa Sista”. Alipozeeka aliniambia kwamba alitaka tu nilale mahali pazuri. Huenda alisema kweli. Nimejaribu kumwamini nikashindwa, na sijioni mkosefu kwa hilo. Familia hudai imani kama haki yake, shule nazo hudai utii kama ada, na mtoto aliye katikati hupona pale tu mtu mmoja anapomuuliza swali na kusubiri jibu.

Juzi nilikwenda kumchukua Rehema, binti wa kaka yangu, katika shule ya Kikatoliki yenye ukuta mrefu, kamera kila pembe na mlinzi mwenye mashine mkononi. Kaka alikuwa amenipa kadi yake. Mlinzi aliigusisha, mashine ikalia, taa ya kijani ikawaka, naye akamwita mtoto bila kunitazama usoni. Nilimwambia amuulize mimi ni nani wake.

“Mama, kadi imekubali,” alisema.

“Kadi si yangu. Muulize.”

Nyuma yangu wazazi walianza kupiga honi. Mlinzi alishusha pumzi, akainama. “Mtoto, huyu ni nani wako?”

Rehema alinitazama kuanzia viatu hadi usoni, polepole, kana kwamba hajawahi kuniona. “Ni shangazi,” alisema. Kisha akarudi hatua nyuma. “Lakini baba alisema atakuja mama.”

Mlinzi alinigeukia, na kwa mara ya kwanza alinitazama vizuri. Nilimwachia kadi, nikaketi kwenye benchi, nikangoja wampigie simu baba yake mtoto. Honi ziliendelea. Sikumbuki kungoja kulikowahi kunifurahisha namna ile.