Brashi na Mvuke wa Mama

Wifi yangu tunamwita Brashi, na jina hilo hakulipata bure. Ni fundi rangi. Mchana anapaka maduka na madarasa ya watu; jioni akirudi na rangi iliyobaki kwenye kopo, nyumba yetu ndiyo inayokiona cha moto. Amepaka kitanda cha chuma, amepaka ndoo, amepaka hata tofali la kuzuia mlango. Mara moja niliacha viatu vyangu karibu naye, nikavikuta vya kijani. Nikamwambia, "Wifi, ipo siku utanipaka na mimi, kaka yako arudi safari akute ameoa ukuta."

Bafu ndilo lilikuwa fahari yake. Kila mwaka alilipaka upya kuanzia sakafuni hadi darini, kisha anatuita tusimame mlangoni tulisifie.

Na bafu hilohilo nusura litunyang'anye Mama. Mama mkwe wangu haogi maji ya baridi hata umpe nini; ya moto ndiyo yanayomlegeza magoti yaliyokaza. Akianza kuoga, mvuke unatanda hadi kioo hakionekani, kuta zinachuruzika, na darini kumeota madoa meusi ya ukungu. Anatoka akikohoa. Wiki moja alitoka akaketi chini palepale koridoni, pumzi haiji, nami nampepea kwa taulo.

Shemeji, mwanawe mkubwa, alipopata habari akapiga simu. "Jumamosi nakuja kumchukua. Kwangu bafu lina feni."

Mama hakubishana. Alifungasha begi lake la kahawia mwenyewe, akaliweka koridoni karibu na mlango. "Nitakwenda," aliniambia, "ila kule wote wanashinda kazini. Hata wa kugombana naye sitampata." Nililia jikoni, sifichi.

"Basi na sisi tununue feni," nikamwambia Brashi.

"Iwe inakula umeme kila Mama akioga? Na umeme ukikatika je, tumwambie asipumue?"

Ijumaa aliwahi kutoka kazini. Akapanda juu ya stuli bafuni, akaanza kukwangua ukungu ili apake upya. Ndiyo dawa yake ya kila kitu, kupaka. Mimi nilikuwa nachambua mchele niliposikia ukelele.

"Wifi! Njoo! Ukuta huu una kitu!"

Nilikimbia na ungo mkononi. Chini kidogo ya dari, chuma chake cha kukwangulia kilikuwa kimenasa kwenye wavu. Akabandua gamba la rangi nene kama ukoko wa sufuria. Mwanga wa nje ukapenya. Akabandua tena, mwanga mwingine. Safu nzima ya matundu ya hewa! Aliyejenga nyumba aliyaacha ili mvuke upande na kutoka, akayawekea wavu wa kuzuia wadudu. Brashi aliligeuza lile gamba, akatazama tabaka zake: bluu, rangi ya maziwa, kijani cha viatu vyangu. Zote alizijua.

"Ni mimi," akasema polepole. "Nimeliziba bafu pua kwa mkono wangu."

"Mganga hajigangi," nikamwambia, na kwa jinsi alivyokodoa macho kicheko kikanishinda. Akacheka na yeye, hadi stuli ikayumba na mchele wangu ukamwagika wote.

Tukachemsha ndoo ya maji, tukafunga mlango, tukangoja. Mvuke ulitoka, lakini kwa kusuasua. Brashi akafikiri. "Kopo la maziwa ukilitoboa tundu moja, maziwa yanasitasita. Ukitoboa la pili, yanatiririka. Hewa inataka pa kuingilia!" Chini ya mlango alikuwa amepigilia mpira ili mvuke usije vyumbani. Akaung'oa. Nikapanda stuli, nikasogeza kipande cha karatasi laini karibu na wavu. Kikachomoka vidoleni mwangu, kikaganda kwenye matundu.

"Inavuta!" nikapiga kelele. "Brashi, inavuta!" Tulirukaruka kama watoto waliopewa likizo, mchele ukilia chini ya miguu.

Jumamosi asubuhi tulimwekea Mama maji, ya baridi kwanza kwenye beseni ndipo ya moto, maana hivyo mvuke unapungua. Akaingia. Sisi tukabaki mlangoni, masikio wazi. Ndipo shemeji akafika, kabla ya muda aliosema.

"Mama yuko wapi?"

"Anaoga."

"Kwenye bafu lile?" Akanyanyua begi la kahawia. "Akitoka tunaondoka."

Tukasikiliza sote watatu. Hakuna kikohozi. Maji yalimwagika, beseni likagonga sakafu, kisha Mama akaanza kuimba. Mama! Akifuatisha sauti mbaya ileile aliyotubembelezea wajukuu zake. Brashi alinifinya mkono hadi nikaumia.

Mlango ukafunguka. Mama akatoka amenyooka, taulo begani, anapumua. Shemeji akachungulia ndani, na kwenye kioo akaiona sura yake mwenyewe, safi kabisa.

"Feni mmeifunga wapi?"

Brashi angeweza kujisifu. Namjua, anapenda sifa kuliko chai. Lakini alimtazama kaka yake usoni. "Hakuna feni, kaka. Palikuwa na matundu, na mimi ndiye niliyeyaziba kwa rangi. Muda wote huo Mama alikuwa anakohoa kwa sababu yangu."

"Nyamaza, mwanangu," Mama akasema. "Rangi yenyewe ilikuwa nzuri." Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe, begi langu unalipeleka wapi?"

"Garini, Mama."

"Tangu lini chumba changu kikawa garini?"

Shemeji alimtazama mama yake, akatutazama sisi, akatabasamu. Akageuka na begi kuelekea chumbani, na Brashi akatangulia mbio kumfungulia mlango.