Siku Nne Nikiitwa Tambwe

Jamani, hili jambo nimelificha muda mrefu, hata mke wangu Zuhura nilimsimulia nusu tu, tena ile nusu yenye heshima, lakini leo acheni niseme lote, maana aibu ukishaizoea inakuwa kama kandambili, unatoka nayo tu. Mimi Ramadhani, fundi wa injini za boti wa Ujiji, mtu mzima wa miaka arobaini na minane, mwenye kipara na wajukuu wawili, niliwahi kulazwa hospitali ya nchi ya watu kwa jina la kijana wa miaka ishirini na sita, na nikaliliwa msiba na mama asiye wangu huku namsikia.

Nilivuka ziwa kwenda Kalemie kutengeneza injini ya boti ya mizigo ya Papa Kisimba, kazi ya wiki moja. Zuhura alinifungia chandarua kwenye begi, nikakitoa ili spana zangu zipate nafasi, nikamwambia mbu wa Kalemie na mbu wa Ujiji wanazaliwa kando ya ziwa moja, tunafahamiana. (Wale wa Kalemie, kumbe, hawakuwa na habari hizo.) Kule nilifanya kazi na fundi mwenzangu, kijana mmoja hodari anaitwa Tambwe, kwao Mpala. Tulipofungua injini tukakuta kipuri kimoja kimepasuka, na Papa Kisimba alikuwa ameshakwenda Moba na boti yake nyingine, basi Tambwe akapanda treni kwenda Kabalo kwa muuza vipuri mmoja, na treni ile ikishaondoka wewe jua imeondoka, kurudi ni majaliwa. Wiki ikaisha, siku zikafika kumi na mbili, na karatasi niliyogongewa muhuri bandarini ilikuwa ya siku saba tu. Mtu mwenye akili angekwenda ofisi ya uhamiaji kuomba siku nyingine. Mimi nikajifungia karakana nikawa natoka kununua chakula kwa kunyata.

Ndipo homa ikaja. Nikajitibu mwenyewe siku nne kwa vidonge vya maumivu, nikijiambia ni uchovu, mpaka asubuhi moja nikaona mkojo wangu umekuwa rangi ya chai iliyochemka kupita kiasi, na nilipoinuka dunia ikazunguka. Hapo ujanja uliniisha. Nikaita pikipiki, nikamshika dereva kiuno kama mtoto, nikafika hospitali.

Dada wa mapokezi, mpole kweli, akaniuliza, “Jina yako nani, Papa?” Nikafungua mdomo niseme Ramadhani, na saa ileile nikamwona mwisho wa korido mwanaume amevaa sare, kofia kichwani, ananitazama. Nikajua huyo ni uhamiaji, amekuja kunichukua. (Alikuwa mlinzi wa geti, amekuja kung’olewa jino.) Nikasema, “Tambwe. Tambwe Ngoy, wa Mpala.”

Nilidhani ataandika yaishe. Loo! Uso ukamchangamka. “Tambwe Ngoy, fundi wa moteri? Fishi yako iko hapa, ya mwaka uliopita!” Akavuta kadi kutoka kwenye kabati, akaisoma, akanitazama kichwani, akaisoma tena. “Uko na miaka makumi mbili na sita?”

“Maisha, dada yangu,” nikamwambia. “Yanazeesha.”

Alinihurumia, nikaona kabisa kwenye macho yake. Nikapimwa, malaria kali, nikatundikiwa serumu, ndivyo wanavyoita dripu, na sindano zikaanza. Nami nikajipongeza kwa akili zangu.

Sasa, kwa wenzetu kule mgonjwa haji hospitali peke yake. Lazima awe na mtu wake wa kumlinda, garde-malade wanamwita, ambaye anapika, anafua, anakimbilia dawa, analala chini ya kitanda kwenye mkeka. Mgonjwa asiye na mtu wodi nzima inamwonea uchungu. Kitanda cha jirani alikuwapo mama mmoja, Mama Feza, anamlinda mumewe aliyevunjika mguu, na kwa kuniona niko peke yangu akanifanya mgonjwa wake wa pili. Akaninywesha uji, akanifulia shati. Akanikusanyia kina mama wa kanisa na rozari zao, wakazunguka kitanda wakamwombea kaka yao Tambwe, na mimi Mwislamu wa Ujiji nikaitikia “Amina” kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, maana dua ni dua na kwa hali niliyokuwa nayo sikuwa mtu wa kuchagua. Kila alipotenda wema nilitaka kumwambia ukweli, na kila mara nikaona sasa umeshakuwa mkubwa mno kutoka mdomoni.

Siku ya pili daktari akasimama kitandani. “Papa Tambwe, malaria tunaitibia, lakini damu imepunguka sana. Iko lazima watu wa familia waje kutoa. Familia yako iko wapi?”

Ningesema nini? “Mpala,” nikasema, nikafumba macho. Nilijua Mpala ni mbali, mtandao wa kubahatisha, nani atakwenda huko? Sikumjua Mama Feza. Mchana uleule alishuka bandarini, akatafuta boti inayokwenda Moba kupitia Mpala, akampa nahodha ujumbe: Tambwe Ngoy anaumwa, anahitaji damu. Hakuniambia neno, alitaka nifurahi kwa ghafla. Na ujumbe nao mnaujua tabia yake, ulipanda botini nikiwa mgonjwa, ulipofika Mpala nilikuwa kufani.

Siku ya nne asubuhi akaja mtu wa maabara, ana karatasi mbili mkononi. “Papa, fishi ya mwaka uliopita inasema uko A. Leo nimepima mara mbili, uko O. Damu ya muntu haibadilike kama shati. Weye njo nani?”

Kabla sijajibu nikasikia vilio nje. Dirishani nikaona wanawake wanne na wanaume wawili wanapanda ngazi na mikeka, sufuria, kuku mmoja chini ya kwapa, na mbele yao mama wa makamo ameshika kichwa kwa mikono miwili akiita, “Tambwe weee! Tambwe wangu!” Nikaelewa yote kwa mara moja. Na badala ya kukaa kama mwanaume niseme nimekosa, unajua nilifanya nini? Nilivuta shuka nikajifunika gubigubi mpaka kichwani.

Fikirini sasa wale watu wanaingia wodini, wanaulizia Tambwe, wanaonyeshwa kitanda, na kitandani kuna mtu amefunikwa shuka nyeupe kutoka kidole cha mguu mpaka utosini, hatikisiki.

Yowe lililopigwa pale sijalisikia tena maishani. Mama akaangukia miguu yangu, dada yake akajitupa chini, wodi nzima ikaitikia, mpaka Mama Feza aliyekuwa amenipa uji nusu saa iliyopita akaanza kulia. Mimi ndani ya shuka jasho linanitoka, nasikia nikitajwa sifa: alikuwa mtoto mwema, alikuwa hamsahau mama yake, alikuwa anaimba vizuri kanisani. Kisha yule mama akasema, “Muache nimutazame uso,” akaifunua shuka.

Tukatazamana. Nilitafuta la kusema, adabu niliyolelewa nayo ikaniponyoka.

“Shikamoo, mama,” nikasema.

Mgonjwa mmoja mwenye serumu alikimbia nayo mpaka uani. Kuku aliachiwa. Ila yule mama hakukimbia, na hapo ndipo kicheko chote kilipokufa, maana alinishika shati kwa mikono miwili akauliza taratibu sana, “Mutoto wangu iko wapi?”

Jamani, nilikuwa nimejifikiria mimi tu kwa siku nne, karatasi yangu, homa yangu, aibu yangu. Sikuwahi hata mara moja kuwaza kwamba jina lile lina mama. Aliitwa Mama Veronika, alikuwa amekaa botini usiku kucha akiomba Mungu amkute mwanawe yu hai, na sasa mbele yake kuna mzee asiyemjua amevaa jina la mwanawe, na mwanawe hayupo, na simu yake haipatikani.

Dada yake, Mama Mado, mwanamke mwenye sauti ya kuita boti iliyokwisha kuondoka, akasema alichokuwa anakiwaza kila mtu. “Huyu amemuua, akakamata jina yake! Muite polisi!” Yule mlinzi wa geti akaja mbio, shavu limevimba, akasimama kitandani kwangu. Nikatubu yote kwa pumzi moja, Ujiji, kipuri, treni, muhuri, huku nalia, na hakuna aliyeniamini.

Kilichoniokoa ni namba ya yule muuza vipuri wa Kabalo, nilikuwa nayo kwenye simu yangu. Ikaita ikakatika. Ikaita ikakatika. Mama Veronika alikaa ukingoni mwa kitanda anaitazama ile simu tu, midomo inacheza bila sauti. Mara ya tano ikapokelewa, tukasikia mtu anaitwa, hatua, kisha sauti ya kijana anatafuna kitu. “Alo? Papa Ramazani? Treni haiyaondoka bado!”

Mama Veronika hakuridhika. Akainama juu ya simu. “Kama weye njo Tambwe, mbuzi ya baba yako ilikufa namna gani?”

“Eh, Mama? Si weye njo uliifunga karibu na maganda ya muhogo muchungu, ukasema ni mimi?”

Akaiweka simu chini polepole, akateremka akakaa sakafuni, akalia kimya kimya akijifuta kwa ncha ya kitenge. Kilio kile cha furaha kiliniuma kuliko homa yenyewe. Nikasema, “Mama, nisamehe.”

Daktari naye akanipa langu, hakupaza sauti. “Mutu wa maabara angeamini fishi bila kupima, tungekupatia A. Ungekufa leo, Papa, tena na jina ya muntu mwingine.” Kisha akasema kwamba damu bado inahitajika, na leo.

Nani anitolee damu? Kwetu ng’ambo ya ziwa, na hawa watu waliokuja kuitoa niliwalipa msiba wa uongo. Nikageukia ukutani.

Mama Veronika akasimama, akafunga kitenge vizuri. “Damu tumeileta toka Mpala,” akasema. “Hatuwezi kuirudisha.”

Wakapimwa wote. Vijana wake wawili walikuwa A kama ndugu yao, majirani hawakufaa, aliyefaa alikuwa mmoja tu, na bila shaka mmeshamjua. Mama Mado! Akalala kitandani, akakunja mkono wa blauzi, na muda wote damu inamtoka mlango uko wazi nikawa nasikia matusi yangu. “Muongo weye! Kipara! Muzee muzima anaogopa karatasi!” Na mimi kwa kila tusi nikawa naitikia kutoka kitandani kwangu, “Asante, mama. Asante, mama,” na nilikuwa namaanisha kila moja.

Wengine walirudi Mpala, wale dada wawili wakabaki. Siku tisa Mama Veronika alilala kwenye mkeka chini ya kitanda changu, akanipikia supu ya samaki na bukari laini, ndivyo wanavyoita ugali, akanishika mkono kwenda msalani, mimi niliyemwibia mwanawe jina mpaka nilipokamatwa. Mama Feza aliniomba radhi kwa kutuma ujumbe bila kuniuliza. Yeye, aniombe radhi mimi! Nilikosa pa kuweka uso. Tambwe aliporudi na kipuri alicheka mpaka akakaa chini, akawa anamwuliza kila mtu kama kweli yeye ana uzee ule.

Nilipotoka nilikwenda ofisi ya uhamiaji mwenyewe, na barua ya daktari mkononi. Afisa akaisoma, akanikaripia dakika mbili, akagonga muhuri. Dakika mbili, jamani! Kitu nilichokikimbia mpaka nikakaribia kaburi kilikuwa cha dakika mbili.

Siku hizi nikifika mapokezi ya hospitali yoyote, hapa au ng’ambo, sisubiri kuulizwa. Nasema Ramadhani, nasema jina la baba na la babu, umri wangu wote bila kupunguza, kundi la damu, ugonjwa, siku niliyoanza kuumwa, mpaka wauguzi wananiambia mzee inatosha.

Siku ya kuondoka wote walinisindikiza bandarini. Mama Veronika alinibariki kwa ishara ya msalaba, nikainamisha kichwa nikaipokea. Mama Mado alikuwa bado amenuna. Boti ilipokaribia kung’oa nanga akanisogelea, akanitengeneza kola ya shati kwa nguvu kama anataka kuing’oa.

“Sikia, Papa Ramazani,” akasema. “Sasa uko ndugu. Siku utakufa, utume habari, tutakuja kulia. Lakini na jina yako mwenyewe.”

Nimemwahidi.