Siku Tuliyomwona Baba Kwenye Shuka Jeupe

Kuna mawe ya kijivu ambayo mafundi wa kuchomelea vyuma huyatia maji ili yatoe hewa ya kuwashia moto. Harufu yake ni mbaya, ya kitunguu saumu kilichooza. Juzi nilikuwa napita mbele ya karakana moja hapa Dodoma mjini na kikapu changu cha mboga, harufu hiyo ikanipiga puani, nikasimama palepale katikati ya njia. Fundi akaniuliza, "Bibi, umepotea?" Nikamjibu sijapotea, nasikia harufu ya sinema. Akanitazama kwa huruma, akarudi kwenye kazi yake.

Nilipofika nyumbani nikawakuta wajukuu wangu wanabishana juu ya filamu waliyoiona Jumamosi. Mmoja anasema yule mwizi alistahili kufa. Mwingine anasema hapana, na tena farasi aliigiza vizuri kuliko watu wote. Wa tatu alilala tangu katikati, lakini ndiye mwenye maoni mengi zaidi. Nikawaambia kwamba mimi niliona sinema kabla baba zao hawajazaliwa, enzi za Mjerumani, na kwamba maoni yaliyotolewa njiani siku ile ndiyo yaliyoamua nitakulia wapi na nani. Wakacheka, wakasema bibi anatia chumvi, wakakimbilia mpira wao. Basi nawaeleza nyinyi wasomaji wangu, ambao hamna mpira wa kukimbilia.

Tulikaa Msalato, katika tembe ya udongo yenye paa la bapa ambalo mama alikuwa akianika juu yake mlenda na kunde. Tulikuwa watatu: mama, mimi, na bibi mzaa baba. Baba yangu, Ndahani, alikuwa amekwenda na reli. Ilipofika Dodoma aliitazama wiki nzima, akaipenda, na walipotafutwa watu wa kuisogeza mbele kuelekea Tabora akajifunga shuka lake akaenda. Nilikuwa mdogo mno. Sura yake sikubaki nayo. Nilibaki na kicheko chake tu, na jinsi alivyokuwa akinirusha juu mpaka bibi anapiga kelele.

Mvua mbili zikapita bila habari yake. Kwa desturi ya ukoo wetu, mtu akipotea hivyo wazee hukaa, na wakiona hakuna tumaini humlilia kama aliyekufa. Wafiwa hunyolewa nywele, matanga hukaliwa, na mkewe hurithiwa na ndugu wa mume. Ndugu mwenyewe alikuwa baba mkubwa wa Makutupora. Msije mkamchukia bure, alikuwa mtu mwema, mnene, mcheshi, mwenye wake watatu na ugoro usiokwisha. Lakini mama hakutaka kuwa mke wa nne wa mtu yeyote, awe mcheshi asiwe mcheshi. Na mke mkubwa wa baba mkubwa alikuwa na ulimi, jamani, ulimi wa kuchubua ngozi. Wazee walikuwa wameshapanga kukaa mwezi mpya ukiandama. Mama alisaga uwele siku hizo kwa hasira, na mimi nilikaa karibu naye nikiogopa kuuliza.

Hapo ndipo jumbe alipokuja kutangaza kwamba kuna Mzungu ameshuka kwa treni na mashine ya kuonyesha watu kwenye shuka. Watu wote waende stesheni wakaone kazi ya reli ilivyo nzuri, ili vijana wengine wajiandikishe. Mama akasema yeye hana nafasi ya upuuzi huo. Bibi, ambaye kwa kawaida hakupenda hata kwenda kwa jirani, akasimama akajifunga kaniki yake. "Mimi nakwenda," akasema. "Nyemo atanisindikiza."

Tulitoka alfajiri na majirani, bibi ameniwekea mkono begani njia nzima, eti nisipotee. Pale stesheni tuliingizwa katika ghala la mizigo. Milango ikafungwa, matundu ya bati yakazibwa kwa magunia, na mchana mweupe ukawa giza. Joto lilikuwa la kuivishia viazi. Kulikuwa na harufu ya jasho, ya samli tuliyojipaka, ya ngozi mbichi zilizokuwa zimerundikwa pembeni, na juu ya yote hiyo harufu ya mawe ya kijivu, yaliyowasha taa ya mashine ya Mzungu. Yule Mzungu akaanza kuzungusha mkono wa mashine, shuka likapata uhai.

Watu wa pwani husimulia kwamba washamba walikimbia walipoona treni ikiwajia kwenye shuka. Sisi hatukukimbia. Treni tulikuwa nayo nje hapo. Tulichofanya ni kulalamika kwamba ya kwao haina sauti. Kisha tukaona ng'ombe wa Ulaya, wanene, wasio na nundu, ghala zima likaguna kwa kuwasikitikia. Tukaona bwana mmoja akiinama kuubusu mkono wa bibi mmoja, mtu nyuma yangu akauliza kama mkono una chumvi. Mwisho wakaja watu wa reli, weusi kama sisi, mstari mrefu, wamebeba chuma mabegani. Mbwa akakatiza mbele yao. Mimi nikamfuata mbwa kwa macho mpaka akatoka kwenye shuka, nikawa namngojea arudi. Hakurudi, na picha ikaisha.

Sasa kurudi nyumbani ndiko kulikokuwa sinema yenyewe. Tulipumzika kwenye korongo, pale watu wanapofukua mchanga kupata maji, na kila mmoja akamwaga maoni yake. Jirani yetu Sechelela alisema hajapenda, watu wanafungua midomo bila kusema kitu, ni utovu wa adabu. Mhunzi mmoja, mzee mwenye kujua kila jambo, alisema picha ya ng'ombe ilikuwa nzuri lakini ya reli ilimuudhi.

"Wanabeba hovyo," akasema. "Wote chuma kiko bega la kulia, yule wa mwisho kakiweka kushoto. Wataangushiana miguuni."

Bibi alikuwa akiuliza maswali kama mtoto. Yule wa mwisho alikuwa mrefu au mfupi? Alivaa nini? Alicheka? Sechelela akajibu kwamba alikuwa mrefu, kajifunga shuka kiunoni, na ndiyo, aligeuka akaonyesha meno. Mhunzi akasema hakucheka, alikunja uso kwa jua. Wakabishana. Bibi aliwaacha mpaka wakachoka, akateka maji, akanywa, akajifuta mdomo.

"Yule ni mwanangu," akasema. "Yule wa mwisho. Ndahani ni wa mkono wa kushoto tangu ananyonya. Mlitaka abebe kulia kwa mkono wa nani?"

Kisha Sechelela akapiga kofi, "Ee! Nilisema mimi! Nilisema meno yale nayajua!" Hakuwa amesema. Tulipofika Msalato kila mtu alikuwa amemwona baba, pamoja na watu wawili ambao siku hiyo hawakutoka kijijini.

Mwezi ukaandama, wazee wakaja. Baba mkubwa alifika mapema, akakaa kwenye kigoda chake, pombe ya uwele ikapita. Mama aliwekwa upande wa wanawake, mikono kwenye mapaja. Wazee wakauliza nani alikuwa ghalani. Walioshuhudia wakasema, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa na kitu kipya: mmoja aliona kovu la goti, mwingine aliona kwamba amenenepa. Mhunzi aliyelalamikia bega la kushoto sasa alilisifu. Halafu baba mkubwa akanigeukia mimi.

"Nyemo, mwanangu. Wewe mtoto huna hila. Ulimwona baba yako?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilijua kabisa kwamba nikisema ndiyo mama atabaki wetu. Lakini nikasema kitu pekee nilichokuwa na hakika nacho.

"Niliona mbwa."

Wazee wakaangua kicheko. Bibi hakucheka. "Mnasikia?" akasema. "Ndahani hajawahi kwenda mahali bila mbwa kumfuata. Hata mtoto ameliona hilo."

Baba mkubwa akavuta ugoro, akapiga chafya, akafikiri. Kumbukeni kwamba kwetu wakati huo hakuna aliyejua picha inavyotengenezwa. Tulidhani shuka ni kama dirisha: kilichoonekana juzi kilikuwa kikitendeka juzi. "Kama juzi alibeba chuma," baba mkubwa akasema, "basi juzi alikuwa hai. Na mtu aliye hai haliliwi, wala mkewe harithiwi. Tumngoje." Wazee wakaitikia. Akanyanyuka, akamwambia mama kwa upole, kwa salamu ya kwetu, "Mbukwenyi, shemeji, kaa na nyumba yako," akaondoka zake Makutupora akieleza njiani, kwa sauti iliyosikika mbali, kasoro za ng'ombe wa Ulaya.

Hivyo ndivyo nilivyokulia Msalato, karibu na misheni ambako nilijifunza kusoma. Lau tungehamia kwa baba mkubwa nisingefika shule hata kwa ndoto. Ualimu wangu, nyumba hii, hawa wajukuu wenye maoni, vyote vimetoka kwenye korongo lile. Baba hakurudi. Vita vikaja, Mjerumani akaondoka, bibi akafariki, na bado hakuna mtu aliyekuja kusema Ndahani yuko wapi.

Nilikuwa na watoto wawili tayari nilipokuja kujua kwamba picha hupigwa leo ikaonyeshwa hata mwaka ujao. Nilikwenda kwa mama mbio, nikamwambia kwa masikitiko kwamba tulikosea sote, kwamba hata kama yule wa mwisho alikuwa baba, picha haikuthibitisha lolote. Mama alikuwa anachambua kunde. Hakuinua kichwa.

"Wewe unadhani bibi yako aliiona hiyo picha?" akaniuliza.

Ndipo akanieleza. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Aliona mwanga na kivuli, basi. Ng'ombe aliwajua kwa sauti, njia aliijua kwa miguu, na watu aliwaficha hali yake. Kule ghalani alikaa mbele ya shuka bila kuona kitu, na yote aliyoyasema aliyaokota katika midomo ya wenzake pale korongoni. Si hilo tu. Wiki chache kabla ya jumbe kutangaza, kijana mmoja aliyetoka kambi ya reli mbele ya Saranda alimkuta bibi peke yake shambani akifukuza ndege. Akampa habari kwamba Ndahani alikufa kwa tumbo, na wenzake wakamzika kando ya reli. Bibi akamshukuru, akampa maji, akamwomba asifike kijijini.

Nikakaa chini. Nikamwuliza mama alilijua lini hilo.

"Siku ile tuliponyoana," akasema.

Siku hiyo niliikumbuka, maana niliichukia. Bibi alikuwa ameanza kuugua. Nilirudi kuchota maji nikawakuta yeye na mama wana vipara, wembe uko kwenye kibuyu cha maji, wakanikamata nami. Waliniambia ni chawa. Nilikuwa nimejivunia nywele zangu, nikalia kilio cha kufukuza kuku uani.

"Alinieleza habari yote ndipo akanipa wembe," mama akasema. "Nilianza kumnyoa nimemkasirikia. Miaka yote ile nilikuwa nangoja mtu, naye anajua. Nusu ya kwanza ya kichwa nilitaka kumkata. Halafu nikafikiria kwamba mimi nilikuwa nangoja, lakini yeye alikuwa amefiwa, na hakupata hata siku moja ya kulia, kwa sababu angelia wangenichukua. Nusu ya pili nikamnyoa polepole, nisimkwaruze. Nilipomaliza nikainama mbele yake, akaninyoa kwa kupapasa."

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe ulipiga kelele. Nikataka kukuziba mdomo, majirani wasije kuuliza. Bibi yako akanishika mkono. Akasema, 'Mwache mtoto amlilie baba yake. Sisi wawili hatuwezi.'"